Heliksi Inaishia Wapi? Utatuzi wa Matatizo ya Ncha za Peptidi Fupi

Kamba iliyosokotwa huanza kusokotoka nchani, na heliksi ya alfa, yaani mnyororo wa asidi amino uliojisokota kama springi, ni hivyo hivyo. Wanafunzi na wenzangu wanaotengeneza peptidi za asidi amino 8 hadi 25 huniletea malalamiko yanayofanana mwaka hadi mwaka: "peptidi yangu imekataa kujisokota", "imejisokota nusu", "imejisokota kisha mwishoni ikageuka". Nimeyapanga hapa kwa dalili. Ndani ya kila dalili nimeanza na sababu ninazokutana nazo mara nyingi, nikaishia na zile adimu.

Ni vizuri kwanza kukumbuka kwa nini ncha zina shida. Tangu Pauling, Corey na Branson walipoieleza heliksi ya alfa mwaka 1951 tunajua kwamba kila mzunguko una asidi amino 3.6, na kwamba NH ya kila asidi amino hushikana kwa bondi ya haidrojeni na CO ya asidi amino iliyo nafasi nne nyuma yake. Fanya hesabu: NH nne za mwanzo hazina wa kumshika, wala CO nne za mwisho. Katika heliksi ndefu ya protini huo ni upungufu mdogo. Katika peptidi ya asidi amino 12, ni theluthi ya mnyororo upande huu na theluthi upande ule. Kwa hiyo katika peptidi fupi kuuliza "je, hii ni heliksi?" hakutoshi. Uliza inaanzia wapi, inaishia wapi, na nini kinaishikilia pale inapoishia.

Majina ya nafasi nitakayotumia: asidi amino ya mpakani upande wa mwanzo ni N-cap (kofia ya N), na zinazofuata kuingia ndani ni N1, N2, N3. Upande wa mwisho tunatoka ndani kwa C3, C2, C1, kisha C-cap mpakani, halafu C′ na C″ ambazo tayari ziko nje ya heliksi.

Dalili: namba ya 222 ni ndogo kuliko ulivyotarajia

Hili ndilo lalamiko namba moja. Umepima CD, yaani tofauti ya jinsi sampuli inavyofyonza mwanga unaozunguka kushoto na unaozunguka kulia, na bonde la nanomita 222 halina kina. Usiguse mfuatano wa peptidi bado. Mara nyingi kosa liko kwenye mkolezo.

Unga unaotoka kwenye HPLC, mashine ya kusafishia peptidi, si peptidi tupu. Kila laisini, kila arijinini na kila ncha ya N iliyo wazi hushika TFA, asidi inayotumika katika usafishaji huo. Chukua peptidi ya aina ambayo maabara ya Baldwin kule Stanford iliifanya maarufu miaka ya 1980, Ac-AEAAAKEAAAKEAAAKA-NH₂ (A ni alanini, E glutameti, K laisini; Ac ni acetyl mwanzoni, NH₂ ni amidi mwishoni). Uzito wake ni dalton 1613 hivi. Laisini tatu zinabeba TFA tatu za dalton 114, jumla 342. Unga wako una TFA karibu asilimia 17 kwa uzito, kabla hujahesabu maji. Ukipima kwa mizani na kuamini kila miligramu ni peptidi, heliksi ya asilimia 50 itaonekana kama asilimia 41, nawe utaanza kubadilisha mfuatano usio na kosa lolote.

Tiba yake ni kupima mkolezo kwa mwanga. Weka tairosini moja kwenye peptidi na usome nanomita 280, ambako tairosini ina kiwango cha ufyonzaji 1490 na triptofani 5500, kwa kila mola kwa sentimita. Lakini usiibandike tairosini moja kwa moja kwenye heliksi. Pete yake nayo hutoa ishara ya CD karibu na 222, na inaweza kukupunguzia au kukuongezea namba kwa uongo. Itenge kwa glisini moja au mbili, iwe -GGY-NH₂ mwishoni au Ac-YGG- mwanzoni. Kama peptidi imeshatengenezwa bila tairosini, tuma sampuli kwa uchambuzi wa asidi amino. Hiyo gharama hulipa.

Sababu ya pili ni kulinganisha na namba isiyo yake. Heliksi fupi, hata iliyokamilika, haifikii −40,000 (kipimo cha CD kwa kila asidi amino kwenye nanomita 222). Kanuni inayotumika sana ni −40,000 × (1 − 2.5/n) + 100T, ambapo n ni idadi ya asidi amino na T ni nyuzijoto za Selsiasi. Kwa n = 17 kwenye nyuzijoto 0, kilele ni kama −34,100. Kwa n = 10 ni −30,000. Mtu aliyepata −17,000 kwa peptidi ya 17 ana heliksi karibu nusu, na si haki aambiwe amefeli.

Ya tatu ni joto. Peptidi nyingi za aina hii hujisokota vizuri karibu na nyuzijoto 0 na kulegea kadiri joto linavyopanda. Pima kwenye 0 hadi 5 kabla ya kukata tamaa. Katika miji yenye unyevu kama Dar es Salaam au Mombasa, umande hutanda kwenye kuta za kuveti baridi na kuharibu kipimo kabisa, kwa hiyo acha naitrojeni ipite kwenye chumba cha sampuli muda wote na ufute kuta kabla ya kila usomaji.

Ya nne, ambayo kwa kweli ndiyo kiini cha makala hii, ni ncha zisizofunikwa. Bondi zote za haidrojeni ndani ya heliksi zinaelekea upande mmoja, kwa hiyo ncha ya N hubeba kama nusu ya chaji chanya na ncha ya C kama nusu ya chaji hasi. Sasa fikiria umeacha NH₃⁺ wazi upande wa N na COO⁻ wazi upande wa C. Chanya juu ya chanya, hasi juu ya hasi. Acetyl mwanzoni na amidi mwishoni huondoa ugomvi huo. Kagua kwa kipima masi: acetyl huongeza dalton 42, amidi hupunguza dalton 1 tu ikilinganishwa na asidi. Hiyo dalton 1 watu huipita bila kuiona. Nimewahi kupokea peptidi niliyoiagiza ikiwa na amidi, nayo imetengenezwa kwenye rezini ya Wang inayotoa asidi badala ya rezini ya Rink. Wiki mbili za vipimo zilipotea kabla sijaangalia kwa makini namba ya kwanza kabisa kwenye karatasi.

Baada ya hayo yote ndipo uulize mfuatano wenyewe. Kwenye vipimo vya Pace na Scholtz vya mwaka 1998, alanini ndiyo inayopenda heliksi kuliko zote na imewekwa sifuri. Lusini na arijinini zinagharimu 0.21 kcal kwa mola, valini 0.61, glisini 1, na prolini zaidi ya 3. Valini tatu mfululizo katikati ya peptidi ya 12 ni mzigo ambao hakuna kofia ya kuubeba.

Dalili: mstari wa CD una umbo la ajabu

Kelele nyingi chini ya nanomita 200: angalia bafa yako. Kloridi hufyonza mwanga huko. Tumia fosfeti ya milimola 10, na kama unahitaji chumvi weka floridi ya sodiamu. Angalia pia volti ya kigunduzi. Ikiwa imepanda hadi kikomo, mstari unaouona chini ya hapo hauna maana na usiuchapishe.

Bonde moja karibu na 198 hadi 200, bila bonde la 222: peptidi haijajisokota, imelegea. Rudi kwenye dalili ya kwanza.

Mabonde mawili, lakini la 208 ni refu na la 222 ni kama bega tu: huenda una mchanganyiko wa heliksi fupi na mnyororo uliolegea, ambao ni wa kawaida, au huenda una heliksi ya 3-10, yenye bondi zinazoruka nafasi tatu badala ya nne. Hili la pili ni la kufikiriwa hasa ukiwa na Aib nyingi (asidi amino yenye methili mbili, tutaifikia) kwenye peptidi fupi. CD peke yake haiwezi kukuamulia. NMR, kipimo cha sumaku kinachoonyesha atomu zipi ziko karibu, inaweza.

Simama hapa: ikiwa tatizo linaonekana kutoka kwenye taa ya mashine, usifungue nyumba ya taa. Taa ya zenoni iko chini ya mgandamizo mkubwa hata ikiwa baridi, inaweza kupasuka, na ikiwaka bila naitrojeni hutengeneza ozoni. Mwite fundi wa mashine. Na kama chumba ni kidogo na naitrojeni inavuja, toka kwanza, uulize baadaye. Naitrojeni haina harufu ya kukuonya.

Dalili: ncha moja imesokotoka, nyingine ni nzima

Hapa CD haina msaada tena. Yenyewe hutoa wastani wa mnyororo wote, kwa hiyo asilimia 50 inaweza kuwa nusu ya peptidi iliyojisokota wakati wote, au peptidi yote iliyojisokota nusu ya wakati. Kwenye NMR, tafuta alama kati ya haidrojeni ya alfa ya asidi amino moja na NH ya ile iliyo nafasi tatu mbele. Zikiwepo katikati na kufifia kuelekea mwisho, ndipo heliksi inaposokotoka. Alama za nafasi nne mbele zinathibitisha alfa, za nafasi mbili zinanong'ona 3-10. Tazama pia haidrojeni za alfa zenyewe: ndani ya heliksi husogea juu ya uwanja, yaani ppm zake hupungua, na kadiri ncha inavyosokotoka hurudi kwenye thamani za kawaida. Kwa peptidi za dalton elfu moja hadi elfu mbili hivi, NOESY ya kawaida, jaribio la NMR linalotoa alama hizo, inaweza kukosa alama kwa sababu ishara huvuka sifuri. Tumia ROESY, jaribio ndugu yake, kabla ya kutangaza kwamba hakuna kitu.

Kusokotoka kidogo nchani ni maumbile, si ugonjwa. Zimm na Bragg mwaka 1959, kisha Lifson na Roig mwaka 1961, walishaonyesha kwa hesabu kwamba ncha lazima zilegee. Ila ikiwa mizunguko miwili mizima imepotea upande mmoja, kuna sababu.

Upande wa N, sababu ya kawaida ni kukosa kofia. NH nne zisizo na mwenzi zinahitaji mtu wa kuzishika, na serini, threonini, aspateti na asparajini hufanya hivyo kwa mkono wao wa pembeni zikikaa N-cap. Badilisha alanini ya N-cap iwe serini au aspateti kabla ya kubadilisha kingine chochote. Ukiweza, weka glutameti kwenye N3: serini hushika NH ya N3, na glutameti hurudisha mkono kushika NH ya serini. Harper na Rose walieleza boksi hilo mwaka 1993. Asidi amino mbili zenye mafuta kwenye N′ (iliyo nje, kabla ya N-cap) na N4 nazo hugusana na kuifunga ncha zaidi, kama pini. Prolini kwenye N1 si kosa hata kidogo; pale hakuna NH inayotakiwa.

Upande wa C ni mgumu zaidi, na ningependa wanaoanza wajue hilo mapema ili wasijilaumu. Mikono ya pembeni hushika CO vibaya kuliko inavyoshika NH. Laisini na arijinini karibu na mwisho husaidia kwa chaji, amidi husaidia, lakini kofia ya kweli ya upande wa C hutokana na uti wenyewe wa mnyororo kugeuka. Tunaingia kwenye dalili inayofuata, ambayo wengi huiona kama hitilafu nayo ni dawa.

Dalili: heliksi inageuka mkono mwishoni

Umepata fuwele, umepiga eksirei, heliksi ni safi ya mkono wa kulia, halafu asidi amino ya mwisho au ya pili kutoka mwisho ina pembe ya fai (mzunguko wa bondi kati ya N na kaboni ya alfa) iliyo chanya. Imegeukia kushoto. Mtu hushtuka na kufikiri ametia asidi amino ya D, taswira ya kioo ya ile ya kawaida ya L, kwa bahati mbaya. Inawezekana, na nitalirudia, lakini anza na haya.

Angalia kama iliyogeuka ni glisini. Glisini haina mkono wa pembeni, kwa hiyo inakaa upande wa kushoto bila kuumia. Katika protini, karibu theluthi ya heliksi zote huishia kwa glisini kwenye C′, kama Richardson wawili walivyohesabu mwaka 1988. Asparajini huifuata kwa kuvumilia hali hiyo.

Angalia kama ni Aib. Aib ina methili mbili kwenye kaboni ya alfa, haina kushoto wala kulia. Ukungu wa Trichoderma huitumia kutengeneza alamethisini, na maabara za Isabella Karle kule Marekani na Padmanabhan Balaram kule Bangalore zimeipima kwenye fuwele nyingi mno za peptidi fupi. Methili hizo mbili huibana Aib iingie kwenye heliksi, lakini haziiambii mkono upi. Ndani ya mnyororo, majirani wa L huivuta kulia. Mwishoni majirani wanapungua, nayo iko huru kugeuka. Katika peptidi zinazoishia kwa esta ya methili, Aib ya pili kutoka mwisho, au ile ya mwisho kabisa, mara nyingi ndiyo inayogeuka. Hujakosea kitu.

Sasa soma bondi. Mgeuko ukiwa mzuri utaona NH ya C″ inashika CO ya C3, na NH ya C′ inashika CO ya C2. Huu ndio mgeuko wa Schellman. Unachukua CO ambazo zingebaki yatima na kuzipa mwenzi. Heliksi imefungwa fundo, haijavunjika. Ukitaka kuutia nguvu, weka glisini kwenye C′ na asidi amino zenye mafuta kwenye C3 na C″, kwa kuwa hizo mbili hugusana mgeuko ukitokea. Aurora, Srinivasan na Rose waliandika kanuni hizo mwaka 1994. Alanini ya D kwenye C′ hushikilia mgeuko kwa nguvu kuliko glisini, kwa kuwa yenyewe upande wa kushoto ndio nyumbani kwake.

Ukitaka kinyume chake, heliksi iendelee hadi mwisho, ondoa Aib na glisini kwenye nafasi mbili za mwisho, weka alanini au lusini, na maliza kwa amidi.

Usidai sana kutokana na fuwele moja. Jirani kwenye fuwele anaweza kumaliza heliksi yako kwa kushika CO zake za mwisho, na kwenye mmumunyo hali ikawa nyingine. Nimeshaona fuwele moja yenye molekuli mbili zilizoishia kwa namna mbili. Andika zote mbili.

Dalili: heliksi inakatika katikati

Prolini kwanza. Haina NH, kwa hiyo inaacha CO moja bila mwenzi, na pete yake huisukuma asidi amino iliyoitangulia. Ndani ya mzunguko wa kwanza inavumilika. Baada ya hapo inakata. Glisini huja baada yake.

Kama mfuatano hauna hata moja ya hizo, shuku utengenezaji. Kagua masi kutafuta asidi amino iliyorukwa. Aib ndiyo huongoza, kwa kuwa kuunganisha kitu juu yake ni kazi nzito. Pengo la dalton 85 ni saini yake. Unganisha mara mbili, kwa muda mrefu zaidi.

Makosa mawili hayaonekani kwenye masi, na ndiyo hatari zaidi. Aspateti iliyo kabla ya glisini hujifunga kuwa aspatimidi, dalton 18 pungufu, halafu hufunguka tena kuwa beta-aspateti yenye masi ile ile ya mwanzo. Uti umeongezeka kaboni moja na bondi zote zimehama mstari. Utaona vilele viwili vilivyokaribiana kwenye HPLC. Tengeneza upya kwa glisini yenye kinga ya Dmb, kikundi kinachozuia kujifunga huko. La pili ni histidini au sisteini iliyogeuka kuwa D wakati wa kuunganishwa. Kwa hilo huhitaji kubahatisha; mpe sampuli mtu anayefanya jaribio la Marfey, linalotenganisha L na D.

Simama hapa pia. Vitendanishi vya kuunganisha kama HATU vinaweza kuufanya mwili uvikatae ghafla baada ya miaka ya kuvitumia bila shida. Ukianza kuwashwa, kupiga chafya au kifua kubana, acha kazi hiyo na umwone daktari, usiongeze glovu tu na kuendelea. HOBt, kitendanishi kingine cha kuunganisha, ikikaushwa kabisa hulipuka, usiikaushe mwenyewe. TFA ikikugusa ngozi au jicho, maji mengi kwa dakika 15 bila kukatisha, kisha hospitali hata kama maumivu yamepoa.

Dalili: heliksi inaongezeka ukikoleza mmumunyo

Peptidi moja moja haijui ziko ngapi kwenye kuveti. Ikiwa asilimia inapanda pamoja na mkolezo, zinashikana. Pima mikolezo miwili inayotofautiana mara kumi, mmoja kwenye kuveti ya milimita 10 na mwingine ya milimita 1, ili mwanga ukutane na kiasi kile kile. Mistari ikilingana, uko salama. Isipolingana, au bonde la 222 likipita la 208 kwa kina, fikiria heliksi zilizosokotana mbili mbili au zaidi, na kila ulichokisema kuhusu ncha kipimwe upya kwenye mkolezo mdogo.

Wengi hukimbilia TFE. Kiyeyushi hicho huvuta karibu peptidi yoyote iingie kwenye heliksi, na hutenganisha zilizoshikana. Ni kipimo kizuri cha uwezo wa peptidi. Ila heliksi ya kwenye TFE asilimia 40 haikuambii ncha zake zikoje kwenye maji. Ongeza TFE hatua kwa hatua kuanzia sifuri, uandike ni wapi mstari unaacha kupanda, na ROESY ya kutafuta ncha ifanywe kwenye kiwango cha chini kabisa kinachokupa alama.